Maji ya Kuoga na Jua la Asubuhi: Somo la Nishati kwa Nyumba za Kisii na Nyamira

Saa kumi na moja alfajiri, kazi ya kwanza katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira ni kupata maji moto. Kijijini, mama au msichana mkubwa huamka kabla ya wengine, akapuliza moto na kuteleka sufuria kubwa ya maji ya kuoga. Mjini, katika ploti za Daraja Mbili, Jogoo au Mwembe, mpangaji huchovya hita ndani ya ndoo na kusubiri. Katika nyumba za wenyewe kule Nyanchwa au Keroka, mtu hubonyeza swichi ya shawa na mita ikaanza kukimbia. Kwa mfugaji wa Borabu, maji hayo ni ya kuosha viwele vya ng'ombe kabla ya kukamua.

Sababu ni baridi. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi ya hapo. Maji yaliyolala kwenye tangi usiku kucha huweza kutoka asubuhi yakiwa na nyuzi 18 hivi za Selsiasi, ilhali mwili hutaka maji ya nyuzi 38 hadi 40. Pengo hilo la nyuzi 20 na kitu ndilo linalokula kuni, makaa, gesi na tokeni kila siku ya mwaka.

Somo hili linaeleza jinsi ya kupima gharama ya pengo hilo, namna jua la eneo hili linavyoweza kulipunguza, na makosa yanayowafanya watu wanunue mtambo wa bei kubwa kisha waurudie moto wa kuni.

Hesabu moja ya kukumbuka

Yuniti moja ya stima ina nishati ya kutosha kupandisha joto la lita 860 za maji kwa nyuzi moja. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupiga hesabu yake: lita za maji zizidishwe kwa nyuzi zinazohitajika, kisha jibu ligawanywe kwa 860.

Chukua ndoo ya lita 20. Kutoka nyuzi 18 hadi 40 ni nyuzi 22. Lita 20 mara nyuzi 22 ni 440. Ukigawanya kwa 860 unapata karibu yuniti 0.5. Hiyo ni nusu yuniti kwa ndoo moja ya mtu mmoja. Nyumba ya watu wanne wanaooga mara moja kwa siku inahitaji yuniti mbili kwa siku, au yuniti 60 kwa mwezi, kwa kuoga tu.

Hesabu hii haibadiliki kwa sababu ya aina ya chombo. Hakuna hita ya umeme yenye koili, iwe ya bei gani, inayoweza kupasha ndoo hiyo kwa robo ya yuniti, hata kama muuzaji ataapa. Vyombo hutofautiana kwa mambo mawili pekee: ni kiasi gani cha joto kinapotea njiani, na joto hilo linatoka wapi.

Kuni: gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Watu wengi husema kuni ni bure kwa kuwa zimetoka shambani. Lakini meko ya mawe matatu hupeleka sehemu ndogo sana ya joto kwenye sufuria, kama sehemu moja kati ya nane au kumi. Joto lililobaki hupasha hewa, ukuta na paa la jikoni. Kwa sababu hiyo, ndoo moja ya maji ya kuoga hutumia karibu kilo moja ya kuni kavu. Watu wanne ni kilo nne kwa siku, na kwa mwezi ni kilo 120.

Kilo hizo 120 hukatwa, hupasuliwa, huanikwa na hubebwa, na kazi hiyo kwa kawaida humwangukia mama na watoto. Katika Kaunti ya Kisii, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 na kila kilomita ya mraba ina zaidi ya watu 900, mashamba yamegawanywa hadi kuwa vipande vidogo. Mkaratusi uliopandwa kwa ajili ya kuni hushindana na mahindi, ndizi na nyasi za ng'ombe. Viwanda vya majani chai navyo huchoma kuni nyingi kukausha majani, na mti mmoja hauwezi kuuzwa kiwandani na kuchomwa jikoni.

Tena kuna moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Mtu anayepuliza moto kila alfajiri katika jikoni isiyo na dirisha ndiye wa kwanza kuumia, pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Kwa nyumba ambayo bado haiwezi kununua mtambo, hatua ya kwanza ni jiko bora. Jiko lenye kuta za udongo uliochomwa, kama lile linalojulikana kama jiko la Maendeleo, hufungia moto ndani na linaweza kupunguza kuni kwa karibu nusu. Kuni zilizokauka vizuri, sufuria yenye kifuniko na dirisha au bomba la kutoa moshi huongeza faida hiyo. Kifuniko pekee huokoa joto jingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa maji yaliyo wazi hupoteza joto kupitia mvuke.

Mfugaji wa ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa zizini ana njia nyingine, nayo ni gesi ya kinyesi. Ndoo moja ya maji ya kuoga huhitaji sehemu ndogo ya gesi inayotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe mmoja kwa siku, na tope linalobaki ni mbolea nzuri ya migomba na mboga.

Stima: aina tatu za hita

Hita ya kuchovya kwenye ndoo ndiyo ya bei ya chini. Hupoteza joto kidogo sana, kwa hiyo si mbaya kwa matumizi ya stima. Ubaya wake ni hatari. Mtu akiingiza mkono kupima maji kabla ya kuzima swichi na kuchomoa plagi, anaweza kupigwa na stima na kufa. Ndoo ya plastiki huyeyuka hita ikigusa ukuta wake, na maji yakipungua hita hupasuka au kuwasha moto.

Shawa ya umeme inayopasha maji yanapopita ndiyo iliyoenea mjini. Nyingi ni za kilowati 5 hadi 6. Shawa ya kilowati 5.5 ikitumiwa dakika nane hula yuniti 0.73. Watu wanne kwa siku ni karibu yuniti 2.9, na kwa mwezi ni yuniti 88. Kwa kila dakika inayoongezwa, nyumba hiyo ya watu wanne huongeza yuniti 11 kwa mwezi. Njia ya kwanza ya kuokoa ni fupi: kuzima maji wakati wa kujipaka sabuni.

Tangi la kupashia maji, ambalo wengi huliita boila, huhifadhi maji moto kwa matumizi ya baadaye. Tangi likiachwa limewashwa mchana na usiku, hupoteza joto kupitia kuta zake na linaweza kula yuniti moja au zaidi kwa siku kabla mtu yeyote hajafungua bomba. Wapo wanaoamini kuwa kuliacha limewashwa ni nafuu kuliko kuliwasha upya. Si kweli. Maji yakiwa moto zaidi na kwa muda mrefu zaidi, joto linalopotea ni jingi zaidi. Tangi liwashwe saa moja au mbili kabla ya kuoga, kisha lizimwe. Saa ya kujiwasha na kujizima yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawalitambui. Tangu Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kwa kila yuniti. Anayevuka 30 hulipa zaidi, na anayevuka 100 hulipa zaidi tena. Nyumba yenye taa, redio, simu na televisheni ndogo inaweza kukaa chini ya 30. Ikifunga shawa ya umeme, huvuka mpaka huo, na bei ya juu hushika hata yuniti za taa. Ndiyo maana tokeni huonekana kuisha kwa kasi kuliko hesabu ya shawa peke yake.

Je, jua la Gusii linatosha?

Swali hili huulizwa kila mara, na lina msingi. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mawingu si mageni. Hata hivyo, mimea haistawi hivi kwa mvua peke yake. Maeneo mengi ya Kenya hupokea kati ya yuniti 4 na 6 za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku.

Kwa kutumia yuniti 5 kama mfano, kibao cha mita mbili za mraba hupokea yuniti 10 kwa siku. Mtambo mzuri hubadilisha karibu nusu ya hizo kuwa maji moto. Yuniti 4.3, kwa hesabu ya 860, zinaweza kupandisha lita 150 kwa karibu nyuzi 25: kutoka 18 hadi 43. Hayo ni maji ya kuoga kwa watu wanne hadi watano, pamoja na ya kuoshea vyombo.

Siku ya mawingu hali ni tofauti, lakini si bure. Maji yanaweza kufika nyuzi 29 tu. Hayo ni vuguvugu, hayatoshi kuoga saa kumi na moja alfajiri. Lakini nusu ya pengo imeshazibwa, na kuni au stima inayohitajika kumalizia ni nusu. Januari na Februari, mtambo unaweza kufanya kazi yote peke yake. Aprili na Mei, mvua za masika zinapokazana, mwenye nyumba atahitaji msaada wa stima, gesi au jiko. Mtu akiambiwa kwamba hatahitaji msaada huo mwaka mzima, ajue anadanganywa.

Jua la eneo hili lina tabia yake. Asubuhi mara nyingi huwa wazi, kisha mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri na radi na mvua hufuata alasiri, kwa kuwa upepo wa kutoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda hizi. Vitabu vingi vya ufundi husema kibao kielekezwe kaskazini au kusini. Kisii na Nyamira ziko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo tofauti kati ya kaskazini na kusini ni ndogo. Lililo muhimu zaidi ni kushika jua la asubuhi. Paa linaloteremkia upande wa mashariki, lisilofunikwa na mkaratusi, mparachichi au ghorofa ya jirani, ndilo bora. Kibao kiinamishwe digrii 10 hadi 15 au zaidi kidogo, ili mvua ikioshe na maji moto yapate njia ya kupanda.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Mtambo wa kawaida hauna pampu wala stima. Maji yaliyo kwenye kibao yakipata joto huwa mepesi, yakapanda hadi kwenye tangi lililo juu yake. Maji baridi, yaliyo mazito, huteremka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo huendelea wenyewe mradi jua lipo. Tangi limezungushiwa kitu cha kuzuia joto lisitoke, kama chupa ya chai, na hivyo maji ya jua la leo huogwa kesho alfajiri. Mawazo haya ni ya zamani: mwaka wa 1891, Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya mtambo wa kupasha maji kwa jua. Huko Israel, sheria ya 1980 ilifanya mitambo hii kuwa ya lazima katika nyumba mpya.

Aina mbili ndizo hupatikana madukani. Ya kwanza ni kibao bapa chenye kioo kigumu juu na mabomba ya shaba chini yake. Ya pili ni mirija ya kioo yenye kuta mbili, ambayo hewa kati ya kuta imeondolewa. Mirija hushika joto vizuri hata hewa ikiwa baridi na mara nyingi ni ya bei nafuu. Kibao bapa ni kizito na huvumilia mengi.

Mkanganyiko mmoja uondolewe hapa. Paneli za taa za sola si mtambo wa maji. Paneli ndogo ya wati 100 hutoa karibu yuniti 0.4 kwa siku, haitoshi hata ndoo moja ya kuoga.

Mambo yanayoharibu mitambo katika eneo hili

La kwanza ni ukosefu wa maji. Mgao wa maji ya mfereji hufanya tangi likauke. Mirija ya kioo ikikaa tupu chini ya jua la saa sita, huwa moto kupita kiasi. Maji baridi yakirudi ghafla mchana, kioo hupasuka kama glasi iliyomiminiwa maji ya moto. Kwa hiyo nyumba isiyo na tangi la akiba lililo juu zaidi ya mtambo isinunue mtambo kwanza. Inunue tangi kwanza. Maji yakikatika na mirija ikakauka, yasifunguliwe mchana. Yasubiri hadi usiku au mapema kabla ya jua kuchomoza.

Eneo hili lina jawabu la tatizo hilo juu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 50 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,500, linaweza kukusanya karibu lita 60,000 kwa mwaka hata baada ya kutoa yanayomwagika. Mifereji ya paa na tangi ni sehemu ya mtambo wa maji moto, hata kama duka haliviuzi pamoja.

La pili ni mvua ya mawe, ambayo wakulima wa majani chai wanaijua vizuri. Mnunuzi aulize kioo kimepimwa kustahimili mawe ya ukubwa gani, na kama mrija mmoja ukivunjika unaweza kubadilishwa bila kununua seti nzima.

La tatu ni uzito. Tangi la lita 150 likijaa lina kilo 150 za maji, bila kuhesabu chuma chake. Paa lililojengwa kwa mbao nyembamba halikuwekwa kwa mzigo huo. Fundi wa paa atazame kabla ya fundi wa maji kupanda. Mara nyingi ni salama zaidi kujenga mnara mfupi wa chuma au zege kando ya nyumba.

La nne ni mabomba marefu yasiyofunikwa. Bomba la mita 15 kutoka kwa mtambo hadi bafuni hubakiza maji ambayo hupoa kila baada ya matumizi, na kila asubuhi mtu humwaga maji baridi akisubiri moto. Bafu na jikoni ziwe karibu na mtambo, na bomba la maji moto lifunikwe kwa sponji maalumu.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua mfano wa nyumba ya watu wanne wanaotumia shawa ya umeme, yuniti 88 kwa mwezi. Ikiwa yuniti moja pamoja na ushuru ni shilingi 28, gharama ni shilingi 2,464 kwa mwezi. Mtambo wa jua ukichukua thuluthi mbili za kazi hiyo kwa wastani wa mwaka, nyumba huokoa karibu shilingi 1,640 kwa mwezi. Mtambo uliogharimu shilingi 90,000 pamoja na ufundi utajilipa katika miezi 55, yaani miaka minne na nusu hivi. Mtambo mzuri unaotunzwa hudumu zaidi ya miaka kumi.

Bei hizi ni za mfano. Kila mwenye nyumba aweke bei iliyo kwenye tokeni yake na bei aliyopewa dukani, kisha arudie hesabu. Jibu litatofautiana. Mtu anayeishi peke yake na kuoga ndoo moja kwa siku hatarudisha pesa hizo kwa muda wa maana, na kwake ndoo na kifuniko vinatosha. Nyumba ya watu wanane, au kinyozi na saluni inayoosha nywele siku nzima, itarudisha pesa zake mapema.

Kwa nyumba isiyo na pesa hizo, chombo cheusi cha lita 20 kilichojazwa na kuwekwa juani, mahali pasipo na upepo, tangu asubuhi hadi saa nane, hupunguza pengo bila gharama. Maji hayo yakifunikwa kwa blanketi kuukuu au kuwekwa ndani ya kikapu cha kuhifadhi joto, bado yatakuwa na faida jioni. Vyama vya akina mama vinavyochangiana kununua sufuria na mabati vinaweza kuchangiana matangi vivyo hivyo.

Mpangaji na mwenye ploti

Katika ploti nyingi, mwenye nyumba hukataza hita, hasa pale mita ni moja kwa vyumba kumi. Mpangaji naye huificha na kuitumia usiku. Mwisho wa mwezi bili hugombanisha majirani, na waya uliowekwa kwa ajili ya taa hupata moto ukutani.

Hakuna upande usio na sababu. Mwenye ploti huogopa bili na moto. Mpangaji anaye mtoto mchanga wa kuosha. Njia inayofaa ni mtambo mmoja wa pamoja wenye bomba moja uani, na gharama iliyokubaliwa waziwazi ndani ya kodi. Lita 300 za maji ya nyuzi 45, zikichanganywa na baridi, hutosha karibu ndoo 20. Mwenye ploti hupata wapangaji wanaokaa, na mpangaji hupata maji bila kujificha.

Majengo makubwa na sheria

Mwaka wa 2012 serikali ilichapisha kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya jua, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Sheria ya Nishati ya 2019 ilianzisha mamlaka ya EPRA na kutaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Kwa kuwa kanuni hurekebishwa, mwenye kujenga hoteli, hosteli, zahanati au nyumba za kupanga aulize ofisi ya mipango ya kaunti kinachohitajika kabla ya kuchora ramani. Paa lililopangwa mapema huokoa pesa nyingi kuliko paa linalobomolewa baadaye.

Wadi za kina mama wajawazito na shule za bweni ndizo zenye uhitaji mkubwa zaidi. Mama aliyejifungua usiku hapaswi kuoshwa kwa maji baridi kwa sababu kuni zimelowa.

Usalama kwanza

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache, na ya mtoto kwa haraka zaidi. Mtambo wa jua, siku ya jua kali, unaweza kupita nyuzi hizo. Vali ya kuchanganya maji iwekwe kabla ya bomba la bafuni. Katika beseni la mtoto, maji baridi yatangulie, moto ufuate, na kiwiko kipime.

Maji yaliyokaa vuguvugu kwa siku nyingi yanaweza kukuza vijidudu vya mapafu. Tangi lipashwe hadi nyuzi 60 mara kwa mara, hasa baada ya safari au majuma ya mawingu.

Shawa ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 23, ilhali soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Inahitaji waya wake mnene, swichi yake, ethi inayofanya kazi na kifaa cha kukata stima inapovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mtu anayehisi kitetemeshi akigusa bomba asiendelee kuoga: azime swichi kuu na aite fundi.

Hatua tano za kuanza

1. Kwa juma moja, nyumba iandike lita za maji moto zinazotumika na saa zake.
2. Ipunguze matumizi kwanza: kifuniko, kuni kavu, shawa fupi, boila kuzimwa, bomba linalovuja kurekebishwa.
3. Ihakikishe ina maji ya akiba yaliyo juu ya mahali mtambo utakapokaa.
4. Ipate bei kutoka kwa mafundi wawili au watatu, iulize leseni, alama ya ubora ya KEBS, dhamana iliyoandikwa na upatikanaji wa vipuri Kisii mjini. Rahisi ni ghali.
5. Siku ya kukabidhiwa, fundi amfundishe mtu mzima mmoja na kijana mmoja jinsi ya kufunga maji, kusafisha kibao na kutambua mrija uliovunjika.

Maswali ya kujadili katika kikundi au baraza

- Nani nyumbani huamka kupasha maji, na saa hiyo angeitumia kufanya nini?
- Mwezi uliopita, nyumba ilitumia kiasi gani kwa kuni, makaa, gesi na tokeni kwa ajili ya maji peke yake?
- Paa la nyumba linateremkia upande gani, na asubuhi lina kivuli cha nini?
- Katika ploti, gharama ya mtambo wa pamoja igawanywe vipi ili asionewe mtu?

Nyumba itakayoweza kujibu maswali haya manne itajua inachohitaji kabla ya kuingia dukani. Pengine itakuwa mtambo wa lita 150, pengine tangi la mvua, na pengine jiko la udongo na kifuniko cha sufuria.